Tom Morris: Mwana wa mfumaji aliyeutunza uwanja wa umma wa St Andrews

SHABIKI anayefika mjini St Andrews, Scotland, kutazama mashindano ya gofu ya The Open hushangazwa kwanza na jambo dogo: hakuna ukuta. Uwanja mkongwe unaofahamika kama Old Course unaanza pale zinapokomea nyumba za mji, na barabara nyembamba inayoelekea ufuoni inakatiza njia ya shimo la kwanza na ya shimo la 18. Siku za kawaida mchezaji hulazimika kungoja mpita njia avuke ndipo apige mpira wake. Ardhi ile ya nyasi na mchanga kando ya bahari ni mali ya umma.

Kwa msomaji wa Nairobi au Mombasa, ambako kwa kawaida gofu huchezwa nyuma ya ua wa klabu, hilo si jambo la kupuuzwa.

Mwezi Julai mwaka wa 2022, mashindano hayo yalipofanyika kwa mara ya 150, watazamaji 290,000 walifika St Andrews, umati ambao The Open haikuwa imewahi kuushuhudia. Maelfu yao walijazana siku ya mwisho kuizunguka grini ya 18, yaani ile sehemu ya nyasi iliyokatwa fupi kabisa ambamo shimo limechimbwa. Kila shimo la uwanja ule lina jina lake, na la 18 linaitwa Tom Morris. Si jina la mfalme wala la tajiri aliyetoa fedha. Ni jina la kibarua aliyeitengeneza grini hiyo kwa sepetu na toroli, na ambaye duka lake lilikuwa ng'ambo ya barabara, likiitazama.

Thomas Morris alizaliwa mjini humo, katika mtaa wa North Street, tarehe 16 Juni 1821. Mwaka huo una maana mbili katika historia ya St Andrews. Mnamo 1797 baraza la mji, likiwa limelemewa na madeni, liliiuza ardhi ya kuchezea, nayo ikaangukia mikononi mwa wafanyabiashara wa sungura. Sungura wakachimba mashimo yao kila mahali, wachezaji wakakasirika, na kwa takriban miaka 20 pande hizo mbili zikawa zikipambana uwanjani na mahakamani. Mnamo 1821, mwenye shamba jirani, James Cheape wa Strathtyrum, aliinunua ardhi hiyo na kuinusuru gofu. Mtoto aliyekuja kuwa mtunzaji wake mkuu alizaliwa mwaka uo huo.

Baba yake, John Morris, alikuwa mfumaji wa nguo kwa mkono, kazi iliyokuwa ikididimizwa na viwanda vya mvuke, na mara kwa mara aliwabebea fimbo mabwana waliocheza gofu. Akiwa na umri wa miaka 14 hivi, Tom alipelekwa kwa Allan Robertson kujifunza kutengeneza mipira.

Robertson hakuwa mtu wa kawaida. Ndiye aliyehesabiwa kuwa mchezaji bora wa zama zake, na jikoni kwake ndimo mipira ya St Andrews ilimotengenezwa. Mpira wa wakati huo ulikuwa mfuko mdogo wa ngozi ulioshonwa na kushindiliwa manyoya ya ndege yaliyochemshwa, kiasi cha kujaza kofia ndefu. Fundi hodari alitengeneza mitatu au minne kwa siku, na kifua chake kikaumia kwa vumbi la manyoya. Kwa sababu hiyo mpira mmoja uliuzwa ghali, na gofu ikabaki mchezo wa wenye fedha. Mafundi wenyewe waliicheza walipopata nafasi, tena kwa dau. Tom na Robertson walipocheza upande mmoja walihofiwa kote Scotland. Mnamo 1849 waliwashinda ndugu wawili, Willie na Jamie Dunn wa Musselburgh, katika pambano la pauni 400, fedha ambazo mfumaji hakuwa na ndoto ya kuziona.

Urafiki huo ulivunjwa na utomvu. Karibu na mwaka wa 1848 iliingia mipira iliyofinyangwa kwa utomvu mgumu wa miti ya bara Asia. Ilikuwa ya bei nafuu, haikuharibiwa na mvua, na ilipobonyea iliweza kuyeyushwa na kufinyangwa upya. Robertson aliiona kuwa adui wa riziki yake na hakutaka kuisikia. Siku moja alimwona Tom akicheza kwa mpira huo, wakagombana hadharani, na Tom akaiacha kazi. Historia inaelekea kumpa Tom haki, ingawa hofu ya Robertson ilikuwa ya kweli: katika muda wa miaka michache mpira wa manyoya ulitoweka. Hata hivyo, ni mpira huo wa bei nafuu ulioufungua mchezo kwa seremala, mvuvi na karani, na bila wao uwanja wa umma ungekuwa wa umma kwa jina tu.

Mnamo 1851, Kanali James Ogilvie Fairlie alimwita Tom katika pwani ya magharibi kuwa mtunzaji wa uwanja mpya wa Prestwick. Tom alikuwa amemwoa Agnes Bayne mwaka wa 1844, na mtoto wao wa kwanza, aliyepewa jina la babake, alifariki akiwa na miaka minne. Mwezi Aprili 1851 walijaliwa mwana mwingine, naye wakampa jina lilo hilo. Familia ikahamia Prestwick na kitoto kichanga. Huko Tom alichora mashimo 12 katikati ya vilima vya mchanga, na huko ndiko The Open ilikozaliwa.

Robertson alifariki mwezi Septemba 1859, na swali likazuka kuhusu nani angerithi sifa yake. Prestwick ikaamua lijibiwe uwanjani. Tarehe 17 Oktoba 1860, wachezaji wanane walizunguka mashimo yale 12 mara tatu kwa siku moja. Tom ndiye aliyepiga mkwaju wa kwanza wa mashindano hayo, lakini Willie Park wa Musselburgh ndiye aliyeibuka mshindi kwa mikwaju 174 dhidi ya 176 ya Tom. Mshindi hakupewa hata senti. Alipewa ukanda wa ngozi nyekundu wa kuhifadhi kwa mwaka mmoja.

Tom aliutwaa mwaka wa 1861, akautwaa tena 1862, 1864 na 1867. Mnamo 1864 alilipwa pauni sita. Ushindi wake wa 1862 ulikuwa wa mwanya wa mikwaju 13, na katika mashindano makubwa ya gofu rekodi hiyo ilidumu hadi mwaka wa 2000, Tiger Woods aliposhinda US Open kwa mwanya wa mikwaju 15 katika uwanja wa Pebble Beach, jimbo la California. Ule wa 1867 ulimpata akiwa na umri wa miaka 46, na hadi leo hakuna mshindi wa The Open aliyemzidi umri.

Lakini ushindi wote huo haukumfanya awe bwana. Mwishoni mwa 1864, klabu ya Royal and Ancient ya St Andrews ilimrudisha nyumbani kuwa mtunzaji wa uwanja, kwa mshahara wa pauni 50 kwa mwaka. Alikabidhiwa toroli, sepetu na beleshi, na kwa kazi nzito aliruhusiwa kuajiri mtu mmoja kwa siku mbili za wiki. Uwanja aliopokea ulikuwa umechakaa. Vichaka vya miiba viliibana njia, na wachezaji waliokwenda na waliorudi walisongamana.

Hapa ndipo mtazamaji wa leo anapaswa kumsoma Tom kwa macho yake mwenyewe. Old Course ina grini saba kubwa mno, kila moja ikiwa na mashimo mawili: moja la wanaokwenda, jingine la wanaorudi. Ukijumlisha namba za mashimo hayo mawili, utapata 18 kila mara. Mpango huo ulikuwa umeanzishwa kabla yake, ila yeye aliupanua na kuupa umbo. Alifyeka vichaka na kutenga mahali maalumu pa kuanzia, kwani awali wachezaji walipiga mkwaju wa kwanza wa shimo moja wakiwa wamesimama karibu kabisa na shimo walilotoka kulimaliza. Mnamo 1870 alitengeneza grini mpya ya shimo la kwanza karibu na kijito cha Swilcan, mbali na ile ya 17, na kwa njia hiyo ikawezekana kuuzunguka uwanja kinyume cha mwelekeo wa saa, kama unavyochezwa siku hizi.

Utaratibu huo una gharama yake kwa mtazamaji. Kwa kuwa njia za kwenda na kurudi zimepakana, hapawezekani kupita katikati. Umati hubaki pembezoni, na wakati mwingine mchezaji huonekana kama kidoa. Mwenye subira hutembea hadi mwisho wa uwanja, baina ya shimo la saba na la 11, ambako njia zinapishana na wachezaji wengi hupita mahali pamoja. Mwenye kupenda ajali za wenzake husimama kwenye shimo la 17, penye barabara na ukuta wa mawe nyuma ya grini, ambako hata mabingwa wameona kazi ya siku nne ikiharibika. Na asiyetaka kutembea hukaa kwenye la 18.

Mbele ya grini hiyo ya 18 pana bonde dogo ambalo kwa mbali halionekani kuwa na madhara. Mpira usio na nguvu ya kutosha hupanda mteremko, husita, kisha hurudi chini polepole huku umati ukiguna. Mwaka wa 1995 Mwitaliano Costantino Rocca aliupiga mpira kutoka ndani ya bonde hilo, ukapanda na kutumbukia shimoni, akamlazimisha John Daly wa Marekani kuingia katika mashimo ya ziada, ingawa Daly ndiye aliyeshinda mwishowe.

Inasimuliwa kuwa siri kubwa ya Tom iligunduliwa kwa bahati mbaya: toroli la mchanga lilimwagika kwenye grini, na baada ya muda nyasi za mahali pale zikastawi kuliko nyingine. Kuanzia hapo aliagiza mchanga kila siku, na kutandaza mchanga juu ya nyasi kumebaki hadi leo kuwa desturi ya watunzaji wa viwanja duniani kote. Alishika amri nyingine iliyomletea lawama kutoka kwa wakubwa: Jumapili uwanja ulifungwa. Tom alikuwa mzee wa kanisa, lakini sababu yake haikuwa ya dini pekee. Aliamini kwamba ardhi nayo huchoka. Mpaka leo siku za Jumapili Old Course kwa kawaida haichezwi; wenyeji huitembelea na mbwa wao na watoto wao. The Open ndiyo iliyopewa ruhusa ya pekee. Tangu mwaka wa 1980 hupangwa kumalizika Jumapili, na kwa St Andrews hilo lilianza 1984, Mhispania Severiano Ballesteros alipoutumbukiza mpira kwenye shimo la 18 na kuinua ngumi kwa furaha. Mashabiki wa Kenya walikuwa wakimjua kijana huyo. Miaka sita kabla yake alikuwa ameshinda Kenya Open.

Watazamaji wa zama za Tom hawakufungiwa kamba wala kutozwa kiingilio, kwani The Open ilianza kutoza ada ya kutazama mwaka wa 1926 tu, katika uwanja wa Royal Lytham. Walitembea bega kwa bega na wachezaji, dau zao mifukoni. Madhara yake yalionekana Musselburgh mwaka wa 1870, Tom alipopambana na Willie Park mbele ya umati wa nyumbani kwa Park. Mipira ilisukumwa kwa miguu, fujo ikazidi, na mwamuzi akasimamisha mchezo. Tom alikwenda kuketi katika baa iliyokuwa kando ya uwanja na kukataa kuendelea. Park akayamaliza mashimo yaliyobaki peke yake na kudai zawadi. Anayenung'unika leo kwamba walinzi wanamweka mbali na wachezaji na aikumbuke siku hiyo.

Wakati huo, aliyetajwa zaidi hakuwa tena baba. Mwanawe, ambaye kila mtu alimwita Tommy, alishinda The Open mwaka wa 1868 akiwa na umri wa miaka 17, na hakuna mshindi mdogo kuliko yeye hadi sasa. Mwaka uliofuata alishinda tena. Alishinda mara ya tatu mwaka wa 1870, na kwa mujibu wa kanuni ukanda ukawa mali yake. Waandaaji wakabaki bila tuzo. Mwaka wa 1871 mashindano hayakufanyika kabisa. Tommy alishinda tena 1872, na jina lake ndilo la kwanza kuchongwa kwenye jagi la fedha linalogombewa hadi leo. Jagi lenyewe lilikabidhiwa kwa mara ya kwanza mwaka wa 1873, The Open ilipofika St Andrews, na aliyelipokea alikuwa Tom Kidd, mbeba fimbo wa mji ule ule, katika uwanja uliojaa madimbwi ya mvua.

Jumamosi ya tarehe 4 Septemba 1875, baba na mwana walikuwa North Berwick, upande wa pili wa ghuba ya Forth, wakicheza dhidi ya Willie Park na nduguye Mungo. Mchezo ukielekea ukingoni ilifika simu ya maandishi: mke wa Tommy, Margaret, alikuwa katika uchungu wa kujifungua na hali yake ilikuwa mbaya. Mashimo yaliyobaki yalikuwa mawili. Yalichezwa, akina Morris wakashinda, kisha wakaingia baharini kwa mashua waliyosaidiwa nayo, kwa kuwa garimoshi lingechelewa. Tommy alipofika nyumbani, mkewe alikuwa amefariki, na kitoto kilichozaliwa hakikuwa hai.

Mashimo mawili huchezwa kwa dakika chache, na mashua ingesafiri usiku kucha vyovyote vile. Haielekei kwamba dakika hizo zingebadilisha lolote. Lakini Mzee Tom alikuwepo pale, alikuwa ndiye mkubwa, na mchezo aliomfundisha mwanawe ndio uliokuwa ukichezwa. Aliishi na jambo hilo kwa miaka 32 na ushei.

Tommy alicheza mara chache tena, ikiwemo mechi ya siku nyingi katika theluji, na alfajiri ya Krismasi ya mwaka uo huo alikutwa kitandani amekufa. Alikuwa na umri wa miaka 24. Mji ulisema ameuawa na huzuni. Baba yake hakuyakubali maelezo hayo. Kwa hesabu yake, kama huzuni ingekuwa na uwezo wa kuua, angetangulia yeye. Mwaka uliofuata Agnes naye alifariki. Kisha, mmoja baada ya mwingine, wakamtangulia watoto wote waliosalia: Jack aliyekuwa kiwete tangu kuzaliwa na aliyefanya kazi dukani, Elizabeth, na mwishowe James mnamo 1906.

Mzee alikuwa akiamka asubuhi na kuoga baharini, kiangazi na kipupwe, kisha akaenda uwanjani. Aliendelea kujiandikisha The Open hata mwaka wa 1895, akikaribia miaka 74. Aliitwa kuchora au kurekebisha viwanja huku na huko: Carnoustie, ambao pia ni wa umma, Muirfield, Royal Dornoch, Lahinch na Royal County Down vya kisiwa cha Ireland. Mnamo 1894, kwa sheria ya Bunge, ardhi ya St Andrews ilirudi mikononi mwa baraza la mji, karibu karne moja baada ya kupotea. Tangu 1974 inasimamiwa na wakfu ulioundwa kwa sheria nyingine. Uwanja wa pili, New Course, uliofunguliwa 1895 ili watu wengi zaidi wapate pa kuchezea, ulipitia mikononi mwake.

Vijana waliokaa kwenye benchi la nje ya duka lake walitawanyika. Donald Ross, kijana wa Dornoch aliyefanya kazi chini yake, alihamia Marekani na kuchora mamia ya viwanja. Mmarekani A. W. Tillinghast alimtembelea mzee, akampiga picha na kumsikiliza. Miaka ya 1930 alishiriki kuuchora Bethpage Black, uwanja wa serikali ya jimbo la New York uliofunguliwa 1936. Mwaka wa 2002 ulikuwa uwanja wa kwanza unaomilikiwa na kuendeshwa na serikali kwa ajili ya umma kuandaa US Open, na watu wa kawaida ambao hulala ndani ya magari yao nje ya lango ili wapate zamu ya kucheza waliwaona mabingwa wakihangaika kwenye mitego ile ile ya mchanga inayowahangaisha wao.

Tom aliacha kazi mwaka wa 1903, akaendelea kulipwa mshahara. Klabu iliagiza picha yake ichorwe na Sir George Reid ikatundikwa ukutani, katika jengo ambalo mwana wa mfumaji aliliingia kama mtumishi tu.

Mwaka wa 1906, huko mbali, gofu iliundiwa klabu jijini Nairobi. Miaka miwili baadaye, tarehe 24 Mei 1908, mzee alikuwa ameketi na marafiki katika klabu iliyo jirani na grini ya 18. Alipoinuka alianguka kwenye ngazi, akafariki, zikiwa zimesalia wiki tatu atimize miaka 87. Ilikuwa Jumapili, na uwanja ulikuwa umepumzika.

Alizikwa katika makaburi ya kanisa kuu lililobaki magofu, karibu na mnara wa kumbukumbu ya Tommy ambao klabu 60 za gofu zilichangia kuujenga. The Open imepangwa kurudi St Andrews mwaka wa 2027. Kutoka grini ya 18 hadi kaburini ni mwendo wa robo saa kwa miguu, na njia iliyo nyoofu zaidi ni ile ya North Street, mtaa aliozaliwa.